Miaka Mitatu ya Kupika Mafuta Bila Pua

Cherono, ambaye siku hizi ndiye mpika mafuta pale shambani, aliniomba nimwandikie maelezo ya kazi kabla sijayasahau. Alitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nimejaribu mara tatu na ukurasa mmoja umenishinda, kwa hiyo naandika ninavyokumbuka, na nyinyi mliobaki bandani mtabandika mnachotaka. Habari za mshahara na vyeo hamtazipata hapa. Niliingia nikiwa mkata majani, nikatoka nikiitwa Fundi, na katikati hapo sikumbuki kuandikiwa barua yoyote.

Kwanza mjue biashara hii ilianzaje. Shamba lile la juu ya Njoro lilikuwa la mzungu, na alipoondoka wenyeji wakalinunua kwa hisa, wakagawana kwa kura. Mzee Gathogo akaangukiwa na kipande chenye mikaratusi. Watu walimwonea huruma. Wenzake walipata ardhi ya viazi na pareto, yeye akapata miti inayokunywa maji na kuua kila kinachoota chini yake, pamoja na pipa kubwa la chuma lililojaa kutu ambalo kila mtu alidhani ni la kuogeshea kondoo. Ni Kiprono, mzee aliyewahi kumchochelea mzungu moto, aliyemweleza kwamba pipa lile ni la kupikia majani, na kwamba ndani ya majani yale kuna mafuta ambayo watu hupaka kifuani wakishikwa na homa. Biashara ya familia ikaanza hivyo, na wanaume wawili wakisugua kutu.

Mimi nilikuja miaka kadhaa baadaye. Nilizaliwa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, baba akifanya kazi karakana, na panga nilikuwa nimelishika tu kufyekea nyasi za mlangoni. Siku ya kwanza nikapewa mti mmoja na kamba. Nikakata matawi manene, nikayafunga mzigo mkubwa kuliko wa mtu yeyote, nikasimama kando yake nikingoja sifa. Kiprono alikuja akauzunguka ule mzigo, akaniuliza kama nimekuja kupika mafuta au kujenga nyumba. Mafuta yako kwenye majani, mti wenyewe hauna kitu. Tawi lisizidi unene wa kidole chako kidogo, na majani yaliyokatwa asubuhi yaingie pipani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Jioni hiyo, kwa ile harufu kali ya majani, macho yalikuwa mekundu, pua ikitiririka, kichwa kikigonga. Nilirudi landi nikiwa nimeamua kwamba kule juu sirudi tena. Kesho yake nilirudi kwa sababu viatu vyangu vizuri nilikuwa nimevisahau chini ya mti.

Baada ya kama wiki mbili hivi kitu cha ajabu kikatokea. Niliamka nikaenda kazini na ile harufu haikuwepo. Watu wakipita barabarani walikuwa wanaziba pua, mimi ndani ya banda nasikia hewa tupu. Nilimwambia Kiprono nadhani nimeugua. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema sasa nimekuwa mtu wa hapa. Mkae mkijua hilo, maana mambo yote ninayokuja kusimulia yanatoka hapo: anayeshinda kwenye banda lile hawezi kusikia harufu ya mafuta anayopika kama mtu wa nje anavyoisikia. Pua imeshazoea, imekata tamaa. Inachobaki nacho ni kugundua kilicho kigeni, kwa mfano moshi ukiingia kwenye mafuta, au dizeli, au limau.

Kiprono alinifundisha kila kitu kingine bila kutumia pua. Alinionyesha jinsi ya kukanyaga majani pipani kwa miguu, kuanzia pembeni kuja katikati, kwa sababu mvuke ni mvivu, ukiuachia upenyo utapita hapo na majani mengine yatatoka mabichi. Alikuwa anaziba mfuniko kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na unga wa ngano, na aliponikuta siku moja nimeuziba kwa udongo peke yake aliniambia niondoke karibu nao. Sikuondoka haraka, na alama ya mvuke bado iko kwenye mkono wangu wa kushoto. Alikuwa anaweka fimbo kwenye tumbo la pipa, ncha ya pili kwenye sikio, anasikiliza kama daktari. Na lile bomba linalopita kwenye tangi la maji baridi ili mvuke ugeuke maji na mafuta, alinifundisha kulishika pale linapotokea. Ukiweza kulishika ukahesabu mpaka kumi, endelea. Ukiachia kwenye nne, maji ya tangi yamechemka na mafuta yako yanaenda mbinguni. Cherono, hili ubandike.

Sasa nije kwa Mzee Gathogo na desturi yake. Kabla ya mtungi wowote kufungwa, na kwetu mtungi ni ule wa bati wa lita ishirini, Mzee alitoka na kijikaratasi kilichotiwa tone la mafuta, akaenda mpaka barabarani na kumsimamisha mtu. Mtu yeyote, bora awe hajaingia bandani siku hiyo. Aliiita pua ya nje. Na hakuwa anauliza kama mafuta ni mazuri, kwa sababu watu wetu wana adabu, ukimpa mtu kitu na kumuuliza kama ni kizuri atasema ni kizuri hata kama kimeoza. Alikuwa anauliza, "Inakukumbusha nini?" Mtu akisema hospitali, au mtoto akikohoa, au nyanya yake, Mzee alirudi akafunga mtungi. Mtu akisema jikoni, au gari, au sabuni, mtungi haufungwi mpaka ijulikane kwa nini. Aliyenusa alipewa kichupa akaendelea na safari yake. Kulikuwa na mwanamke mmoja, Mama Brayo, aliyekuwa anauza sukuma na maparachichi pale kwenye njia panda, ambaye alinusa mara nyingi hata tukawa tunamtania kwamba naye ni mwenye hisa.

Mzee alipofariki, binti yake Nyokabi ndiye aliyechukua usukani. Nilimjua akiwa mtoto wa shule anayekuja bandani kuoka viazi kwenye jivu la boila. Mbele ya wafanyakazi nilimwita Madam, tukiwa wawili nilimwita Nyokabi. Alijua kazi, alijua watu, na alinunua boila mpya iliyotuondolea nusu ya moshi. Desturi ya baba yake alitaka iendelee. Mimi ndiye niliyeiua.

Sikuiua siku moja. Ilikuwa mvua inanyesha, barabarani hakuna mtu, na lori la mnunuzi linangoja. Nikamwambia Nyokabi kwamba baada ya miaka yote ile pua yangu inatosha, nikihisi kitu kigeni nitasema. Na kweli wakati huo ilikuwa inatosha. Mwezi uliofuata nikasema hivyo tena, jua likiwaka. Mwaka ukapita hakuna aliyetoka na karatasi, na kwenye daftari la mitungi Nyokabi akawa anaandika, "Imenuswa na Fundi," halafu anaweka sahihi yake. Nilijisikia mkubwa sana kila nikiona sentensi hiyo.

Halafu ikaja ile homa iliyofunga shule na makanisa. Ilinilaza siku kumi na moja nyumbani kwangu Kiamunyi. Nikapona, nguvu zikarudi, pua haikurudi. Nilingoja mwezi, nikangoja sita. Nilichoma kitunguu makusudi, nikainamia pilipili, nikaenda kusimama nyuma ya choo cha shule. Hakuna kitu. Dunia ilikuwa kama imeoshwa.

Mtu mwenye akili angesema. Mimi nilinyamaza, na bandani kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko mahali pengine popote, maana hakuna mtu pale anayesikia harufu vizuri, nani atashangaa? Kurudisha desturi ya Mzee ndiko kungenisaidia, lakini ningeirudishaje bila kuulizwa kwa nini, baada ya kuringa mwaka mzima kwamba haihitajiki? Kwa hiyo nilikuwa nainama juu ya kila mtungi, nafumba macho, navuta hewa, nahesabu mpaka tatu, nasema, "Safi." Nyokabi anaandika. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Mafuta yalikuwa sawa, kwa sababu mkono na masikio yalikuwa bado yananitii. Lakini hakuna mtungi hata mmoja uliotoka pale nisiuwaze usiku kitandani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kaka yake Nyokabi akaleta hoja. Muturi ana yadi ya mbao na si mtu mbaya, napenda hilo lieleweke. Alisema miti imekomaa, watu wa nguzo za umeme wanaitaka, na mafuta yanawachosha wote bila sababu. Nyokabi alisema baba yao hakusugua kutu ili miti iwe nguzo. Walivutana mpaka wakakubaliana mbele ya mama yao: kulikuwa na mnunuzi mpya wa Nairobi, mtengenezaji wa dawa ya kupaka kifuani, aliyekuwa ameagiza mitungi ishirini na nne. Mnunuzi akiikubali yote, miti inabaki na Muturi hatalizungumzia tena. Akiirudisha, hata mmoja, miti inakatwa. Wiki hiyo hiyo Muturi akaleta mtu wa kupiga alama, na shamba zima likawa na misalaba myekundu kwenye magome. Wakata majani wetu kumi na wanane walikuwa wanafanya kazi kati ya ile misalaba kama watu walio makaburini.

Katikati ya agizo hilo ilitubidi kupika limau. Mnajua ile mikaratusi ya uani yenye harufu ya limau, ambayo tunaipikia mtu wa sabuni mara mbili kwa mwaka. Ukishapika limau, pipa lazima lipitishwe mvuke likiwa tupu mpaka harufu iishe, ndipo uingize majani ya kawaida. Niliwahi kumuuliza Kiprono hiyo inachukua saa ngapi, akasema kazi hiyo haina saa, ina pua. Mimi nilikuwa sina pua, kwa hiyo nikaipa saa. Saa mbili kamili. Mara nyingine zote saa mbili zilikuwa zimetosha. Mara hii mvua ilikuwa imenyesha juma zima, kuni zilikuwa mbichi, mvuke ulikuwa dhaifu kama pumzi ya mgonjwa, na mimi nikaangalia saa badala ya kuangalia moto.

Sikujua kitu mpaka siku ya Jumamosi, lori likiwa linakuja Jumatatu. Mama Brayo alikuja kuchukua jivu la boila la kumwaga kwenye choo chake, kama alivyozoea. Agizo zima lilikuwa limeshapikwa, na nilikuwa nje ya banda nachuja mtungi wa kumi na nane kwenye ule udongo mweupe wa Kariandusi. Akapita na karai lake, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Fundi, siku hizi mmeanza kupika sabuni?"

"Sabuni gani, Mama Brayo?"

"Hii kitu yako inanuka kama sabuni ya limau. Ama ni mimi niko na homa?"

Nikacheka, nikasema tulipika limau juzijuzi, labda ni nguo zangu. Akaenda zake. Mimi nikaacha kuchuja, nikakaa kwenye rundo la kuni.

Nitasema nilichofikiri, hata kama kinaniaibisha. Nilibakiwa na miezi miwili nistaafu. Kama ningenyamaza, lori lingebeba mitungi, wanunuzi wangerudisha, na lawama ingeenda kwa mvua, kwa kuni, kwa maabara ya Nairobi. Miti ingekatwa nikiwa nimeshaondoka na saa ya ukutani ya zawadi. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko inavyofaa. Sikuogopa kufukuzwa, nani humfukuza mtu wa miezi miwili? Niliogopa Nyokabi kuniangalia akijua kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nainamia mitungi kama mwigizaji. Niliogopa sana. Kisha wakata majani wakapita na mizigo yao ya mwisho wa wiki, wakinisalimia kwa heshima, "Jioni njema, Fundi," mmoja baada ya mwingine, na ile heshima ikanichoma kuliko woga. Nikainuka nikaenda ofisini.

Ofisi, kwa wasioijua, ni kile chumba chenye mizani na kalenda ya mwaka juzi. Nyokabi alikuwa anaandika lebo.

"Nyokabi, hiyo lori isikuje Monday."

"Kwa nini? Kuna nini, Fundi?"

"Sina pua."

Akaniangalia usoni, nadhani akihakikisha kama ipo.

"Sisikii harufu. Tangu ile homa. Si ya mafuta, si ya kitu yoyote. Na kuna limau imeingia kwa mitungi, na siwezi kukuambia ni gani."

Akaweka kalamu chini. "Hiyo ni three years, Fundi."

"Ni mitatu."

"Na mimi nimekuwa nikisign ati umenusa."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisimama dirishani akiwa amenipa mgongo, akiangalia ile misalaba myekundu. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Watu hufikiria Baba aliniachia miti. Aliniachia wewe. Ungeniambia tu."

Nikamwambia niliona haya. Akasema hata yeye angeona haya. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu sikuwa na cha kumficha, hata kama mambo yalikuwa mabaya kuliko yalivyokuwa asubuhi. Baadaye akageuka na kuniuliza, na sura yake haikuwa imetulia bado, nilikuwa nikipika kwa kutumia nini miaka yote hiyo. Nikamwambia mkono na masikio. Akatikisa kichwa. Akasema ya Muturi na ya wengine yangoje, mitungi kwanza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nyokabi alisimama kanisani baada ya matangazo na kuomba watu wenye pua nzima wapite getini kwetu wakienda nyumbani. Walikuja kama arobaini, na nguo zao nzuri, wengine wakiwa na Biblia mkononi. Tuliweka meza barabarani, mbali na banda. Cherono, ambaye wakati huo alikuwa mchochea moto wa boila na hakuruhusiwa kusogea kwa sababu pua yake ni ya bandani, alikaa ng'ambo akiandika. Nyokabi alitia tone kwenye kila karatasi, nyuma yake namba, na hakuna mtu aliyenusa zaidi ya karatasi tatu, maana baada ya tatu hata pua ya mgeni huanza kusema uongo. Swali lilikuwa lile lile la baba yake.

Sijawahi kusikia majibu kama yale. Mzee mmoja alinusa akasema wodi ya wanaume, mguu wake ulipovunjika, akaanza kutuonyesha mguu. Mwanamke mmoja alisema shemeji yake, akakataa kueleza zaidi, ikabidi tumpe mtu mwingine namba hiyo. Wengi walisema kifua, homa, mtoto. Kila jibu la namna hiyo Cherono alipiga alama, na mimi nikashusha pumzi. Mpaka mtungi wa kumi na sita hakukuwa na tatizo. Wa kumi na saba, msichana wa kwaya akasema chai ya mchaichai. Wa kumi na nane, watu wawili wakasema sabuni. Wa kumi na tisa wakagawanyika, hospitali watatu, sabuni mmoja, na hapo tukamwita Mama Brayo. Alinusa, akafikiri, akanusa tena.

"Sabuni," akasema. "Lakini ya mtu ameoga jana."

Nao tukautenga. Kuanzia wa ishirini mpaka wa mwisho, hospitali tupu. Mitungi mitatu tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kumi.

Nyokabi akampigia mnunuzi simu, akamwambia ukweli kwamba mitungi mitatu haijamridhisha na anaomba siku tatu. Yule mtu akasema hakuna shida, ni afadhali muuzaji anayejikagua mwenyewe. Mtungi mmoja kwetu ni mapishi mawili, kwa hiyo tulikuwa na mapishi sita na kuni mbichi. Nyokabi akamwomba Muturi mabaki makavu ya mbao kutoka yadini. Alikuja nayo mwenyewe, pikapu imejaa, akiwa anasema kwamba hajui ni mtu gani mwingine duniani anayepeleka kuni za kumshinda yeye mwenyewe. Safari hii pipa lilipitishwa mvuke mpaka mtu wa barabarani aliponusa maji yaliyotoka bombani na kusema hayamkumbushi kitu. Zilikuwa karibu saa tano. Cherono alipika, mimi nikawa nimesimama nyuma yake na mikono mfukoni. Alishika bomba akahesabu mpaka kumi bila kuambiwa.

Lori likaondoka Alhamisi. Ukaja wakati mbaya kuliko wote, wa kungoja simu. Karibu wiki mbili nilikuwa nafagia banda lililokwisha kufagiwa. Kisha asubuhi moja Nyokabi akaingia, akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni, akavua kitambaa cha kichwa, akakiweka magotini.

"Wamekubali," akasema. "Yote. Na wanataka ingine."

Wakata majani walipiga vigelegele, mtu akagonga pipa kwa panga. Mimi nilizunguka nyuma ya boila nikalia, na sioni haya kuliandika hilo. Nililia kama mtu aliyetuliwa mzigo aliosahau kwamba anaubeba. Muturi alikuwa mtu wa neno lake, miti hakuizungumzia tena. Ile misalaba hakuna hata aliyehangaika kuifuta, kwa sababu mkaratusi hujimenya gome wenyewe, na kufikia miezi hiyo miwili ya mwisho rangi ilikuwa inaanguka vipande vipande chini na watoto wanaokota.

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi wawili. Mke wangu Nekesa alikuja kutoka Kiamunyi na gauni lake la kanisani, akakaa mbele. Hakuwa anajua kitu. Niliyemwambia ni Nyokabi peke yake, naye alikuwa amekaa na siri yangu bila kuniuliza nitaisema lini. Wale watu wa Jumapili walidhani tunatafuta maoni tu, na Cherono kama alishuku hakunionyesha.

Baada ya chakula Muturi akasimama kuhutubu. Anahutubu vizuri. Akamaliza kwa kutoa kitambaa cheupe mfukoni, akakitia tone la mafuta ya lile agizo, akanijia mbele ya watu wote.

"Fundi, tusaidie mara ya mwisho. Wewe ndio pua ya hii familia. Sema iko aje."

Nyokabi akainuka nusu, akasema Muturi amwache mzee akule. Alikuwa ananifungulia mlango, na ningeweza kupita. Ningeweza pia kufumba macho, kuvuta hewa, kuhesabu mpaka tatu, kusema safi, na wangepiga makofi. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi mno. Nikasimama.

"Mimi sisikii kitu, Muturi. Nimepika miaka mitatu bila pua. Hiyo agizo ilinuswa na watu wa barabara, na kama si wao hii miti ingekuwa nguzo. Nyokabi anajua. Sasa na nyinyi mnajua."

Mafuta ya nyama yalisikika yakidondokea makaa. Muturi akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi.

"Na mimi huzima sigara kilomita moja nikikuja hapa," akasema, "nikiogopa hiyo pua."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao, na nilipokaa nilijisikia mwepesi kiasi kwamba nilishika kiti. Cherono, kama kuna neno moja unalotaka ukutani, basi bandika hili: ukipoteza pua, sema siku hiyo hiyo, halafu toka nje umuulize mtu.

Nekesa peke yake hakucheka. Tulipewa lifti mpaka Kiamunyi, na njia nzima aliangalia dirishani. Tulipoingia nyumbani alivua viatu, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Baba Lilian," akasema, "kwa hivyo hata omena?"

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba miaka yote hii, akitaka kupika omena, wale dagaa wa ziwani wenye harufu kali, alikuwa anabeba jiko mpaka nyuma ya nyumba, kiangazi na masika, ili harufu isije ikaniharibia pua ya kazi. Mvua ikimkuta huko, alikuwa anashika mwavuli kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine. Na kwa miaka mitatu nilimwona akitoka na lile jiko na sikumwuliza anakwenda wapi.

Nikamwomba msamaha. Alitoa omena kwenye kabati, akaiosha, akafunga dirisha la jikoni, akafunga na mlango wa nje, akabandika sufuria ndani ya nyumba. Nikamwuliza kama inanuka. Akasema inanuka vibaya sana. Nikavuta kiti, nikakaa hapo hapo jikoni naye mpaka ikaiva.